Mchanga wa Tansy Wells

Tansy Wells, Utah
9 Machi 1985

Mdogo wangu Thayne,

Natumai karatasi hii itakukuta mzima, wewe na Corinne, na kwamba mvua za huko pwani zimewaachia walau siku moja ya kuanika nguo. Huku hatujambo. Upepo wa Machi umeanza, kila ukifagia baraza baada ya saa moja unafagia tena. Marlys amejifungua salama kule Logan, mtoto wa tatu, wa kike. Wamempa jina la mama yetu, Hulda. Nimecheka na kulia pamoja, maana unakumbuka mama alivyolichukia jina lake. Mti wa aprikoti umechanua mapema mno na naogopa baridi itarudi iupige.

Sasa nisikuzungushe. Mwaka huu mji wetu unatimiza miaka mia. Meya ni Kimber Oveson, yule yule aliyekuwa akikuibia mkate shuleni. Amenenepa na amekuwa mtu wa mipango. Tangu kinu cha urani kifungwe na barabara kuu itupite kando, tunaishi kwa wageni. Wanakuja kuona nyayo za dinosaria, lile tao la mawe mekundu, kibanda cha waasisi, halafu wanaingia kwenye makumbusho yangu kupoza miguu. Kimber anataka tarehe 24 Julai tufungue chumba kipya, Chumba cha Urani, na anataka kiwe na maneno ya watu waliofanya kazi kinuni wenyewe. Mimi ndiye ninayekipanga.

Katika madereva wa malori ya kinu umebaki wewe peke yako. Rulon wangu ametutoka, wenzake wa zamu wametutoka mmoja mmoja, na wengi kabla ya kufika sitini. Basi niandikie kurasa mbili tu: mlivyofanya kazi, mlivyokula, mlivyotaniana. Na uje, Thayne. Hujakanyaga hapa tangu Januari ya sitini na mbili. Hata Rulon alipozikwa ulituma maua.

Dada yako anayekungoja,
Arvilla


Reedsport, Oregon
2 Mei 1985

Dada Arvilla,

Samahani kwa kuchelewa. Corinne alishikwa na kifua, halafu goti langu likavimba, halafu sijui ni nini. Hongera kwa mjukuu. Mwambie Marlys nimefurahi, na kwamba jina hilo lina kinga: mama alifika miaka tisini nalo.

Umeomba kumbukumbu. Lori langu lilikuwa namba saba. Mlango wa kushoto, wa dereva, haukufunga, nikaufunga kwa waya, kwa hiyo miaka tisa niliingia kwa mlango wa abiria kama mgeni kwenye lori langu mwenyewe. Ule unga wa njano wa urani ulikuwa unaingia kila mahali. Tulikuwa tukila mkate, alama za vidole zinabaki juu ya mkate, njano, na mtu anakuambia, "Lofgren, leo umeweka haradali nyingi." Nguo zangu za ndani ziligeuka rangi hata mama yake Corinne akakataa kuzifua. Aliuliza mbele ya watu kama nina ugonjwa wa ini. Hiyo unaweza kuiweka ukutani ukitaka, wageni watacheka.

Zaidi ya hapo sina. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Kuja sitaweza, goti haliniruhusu kukaa garini siku mbili.

Hicho chumba, ndani yake unaweka nini hasa?

Ndugu yako,
Thayne


Tansy Wells
4 Juni 1985

Mdogo wangu,

Asante kwa yale ya haradali. Nimeyasoma kwa sauti kwenye kikao na Kimber amecheka hadi akakohoa. Poleni kwa kifua na goti. Baridi ilirudi kweli, aprikoti mwaka huu hakuna.

Wageni wameanza. Jumamosi nilipata basi zima la wastaafu kutoka Nebraska. Niliwazungusha saa nzima, nikawaeleza waasisi, reli, mawe, kinu. Mwishoni mzee mmoja akanishika mkono akaniambia kwamba katika makumbusho yote aliyowahi kuona, haya ndiyo yenye choo kisafi kuliko zote. Nimeipokea kama sifa.

Uliuliza chumbani naweka nini. Kofia za chuma, picha, taji la Malkia wa Urani wa mwaka hamsini na tano, mawe yanayong'aa ukiyawashia taa ya zambarau. Na lile sanduku langu la kugusa, ambalo ninalo tangu sabini na mbili. Watoto hawapendi vitu vya nyuma ya kioo, wanapenda kushika. Kwa hiyo kuna sanduku la mbao lenye mchanga wa kinu, ule wa kijivu uliobaki baada ya mawe kusagwa na urani kutolewa. Nawaambia, "Tieni mikono, msikie ulivyo laini, kama unga wa ngano." Wengine hata kuondoka hawataki.

Nilikuwa nataka kukuandikia habari za furaha tu, lakini wiki iliyopita walikuja watu wa serikali na mashine za kupima mionzi. Wanapita miji yote iliyokuwa na vinu. Mkubwa wao ni mwanamke wa kabila la Wanavajo, Bi. Begaye, mpole, anaongea polepole. Baba yake alichimba mawe haya haya kusini kwetu na hakuzeeka. Alipita na mashine ukutani, inatoa mlio kama matone machache ya mvua juu ya bati. Alipofika kwenye sanduku ikawa mvua ya mawe. Akaizima. Akaniuliza, "Mama, hili sanduku liko hapa muda gani?" Nikamwambia miaka kumi na mitatu. Akauliza watoto wangapi kwa mwaka. Nikampa kitabu cha wageni, maana sikuweza kuitamka idadi.

Wamelichukua. Kimber hataki neno litoke kabla ya sherehe. Ameniambia, "Arvilla, miaka mia haiji mara mbili. Wageni wakishaondoka tutaongea." Sasa wanaanza kupima nyumba, mtaa kwa mtaa. Inasemekana watu wengi waliweka mchanga ule chini ya misingi, bustanini, kila mahali. Ulikuwa wa bure.

Wetu utakuwa mtaa wa mwisho.

Arvilla


Reedsport
11 Juni 1985

Dada,

Barua yako imefika leo mchana na najibu leo leo. Wamefika kwako? Mwambie huyo mama hapana. Una haki ya kukataa, nyumba ni yako. Hakuna haja ya kuchokonoa mambo ya miaka thelathini. Wakishapima ndani inatosha, uwanja wa nyuma hauwahusu.

Nijibu haraka.

Thayne


Tansy Wells
2 Agosti 1985

Mdogo wangu Thayne,

Hatujambo. Marlys alikuja na watoto kwa sherehe na wamerudi salama. Niliwaweka hotelini, nikamwambia nyumba ina mende. Corinne nimemfungia mitungi minne ya pichi, itafika kwa posta kama haitavunjika.

Sherehe ilifana, wanasema. Maandamano yalipita barabara kuu mara mbili kwa sababu mji ni mfupi. Malkia wa Urani wa mwaka hamsini na tano aliketi juu ya gari la wazi na taji lake, bibi kizee sasa, akipunga mkono. Kimber alihutubia kwamba sisi ni mji mdogo uliomulika dunia. Nilisimama mlangoni pa chumba kipya tangu asubuhi hadi jioni, nikiwaambia wageni kwamba urani ndiyo iliyotujengea shule, bwawa la kuogelea na maktaba. Yote ni kweli. Msichana mmoja aliyewahi kuja na shule yake mwaka jana akaniuliza sanduku la mchanga liko wapi. Nikamwambia linatengenezwa.

Uliniuliza kama walifika. Walifika tarehe 30 Julai. Sikukataa. Ndani mashine ilitulia. Halafu Bi. Begaye akatoka nyuma peke yake, mimi nikabaki jikoni naosha kikombe kile kile. Nilisikia ilipobadilika. Pale kati ya dirisha la jikoni na banda la kuni, mahali ambapo nimepanda majani tangu sitini na mbili na majani hayajawahi kushika vizuri.

Akaingia, akaketi, akatoa fomu yake. Akaniuliza ni nini kilikuwa pale. Nikamwambia pa kuchezea mtoto. Akauliza, "Mtoto huyo yuko wapi sasa?" Nikamwambia mwanangu Dell alifariki Oktoba ya sitini na moja, kwa saratani ya damu, akiwa na miaka kumi. Hakuandika hapo hapo. Aliweka kalamu chini. Baadaye akaniambia kwamba lazima aulize, fomu inadai: mchanga ule nani aliuleta.

Nikasema, "Marehemu mume wangu."

Akaandika Rulon Nebeker. Nilitazama anavyoandika. Rulon hawezi tena kuumizwa na fomu. Hukuniomba niseme hivyo na sitaki shukrani.

Arvilla


Reedsport
17 Novemba 1985

Dada Arvilla,

Pichi zilifika zote nzima. Corinne ameshukuru, yeye hajambo. Nimeanza barua hii tangu Agosti. Corinne ameacha kuuliza kwa nini pipa la takataka limejaa karatasi.

Hukupaswa kusema Rulon. Sijapata usingizi mzuri tangu niliposoma, na si kwa sababu ya kuonewa huruma. Nitakuandikia jambo na utaliona lote, halafu utafanya utakalo.

Mchanga niliuleta mimi. Hilo unalijua, ulikuwepo, ilikuwa siku Dell alipotimiza miaka mitano. Nilirudi nyuma na lori namba saba hadi kwenye banda la kuni, nikamwaga, na yeye akasimama pale mikono kichwani kama mtu aliyeletewa bahari. Alinikumbatia mguu. Akasema, "Mjomba, wote huu wangu?" Nilimwambia hata Rais hana kama huo. Sijawahi kumpa mtu zawadi iliyopokelewa vile, kabla wala baada.

Usilolijua ni hili. Septemba ya hamsini na nane, yule mkemia wa kinu, Ostrander, aliniita pembeni ya mizani. Aliniuliza kama nami nachukua mchanga kupeleka nyumbani. Nikasema kidogo tu, wa mtoto wa dada yangu. Akatazama kama kuna mtu karibu, akaniambia, "Uondoe. Usiniulize mengi, na usiseme ni mimi niliyekuambia. Lakini uondoe, Lofgren."

Jumamosi ile nilikuja kwako na koleo garini. Nilikuja kuuondoa, Dada, naapa. Dell alikuwa amejenga mji mzima. Alikuwa na barabara, kinu, kanisa. Nilipokaribia akanizuia kwa mkono akasema, "Mjomba, usikanyage hapo, hapo ni benki." Nikasimama na koleo langu. Nikawaza: nikiondoa, Rulon ataniuliza kwa nini, na Rulon hawezi kunyamaza, atakwenda kuuliza kinuni, na sote wawili tutafukuzwa kabla ya Jumatatu. Nikawaza Ostrander ni mwoga, hata kahawa anaifunika kwa sahani. Nikajiambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miaka mitatu.

Kisha akaanza kutoka damu puani, na michubuko ile miguuni. Kule hospitali Salt Lake daktari alikuuliza mtoto anacheza wapi, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chako. Ukasema, "Uwanjani tu, kama watoto wote." Nilikuwa na mdomo, sikuufungua. Nililibeba jeneza lake upande wa kichwa. Lilikuwa jepesi mno.

Ndiyo sababu niliondoka. Haikuwa kwa ajili ya kazi ya mbao, kama nilivyowaambia.

Rulon hakujua. Mwambie yule mama afute jina lake.

Thayne


Tansy Wells
26 Januari 1986

Thayne,

Marlys na watoto wazima. Baridi ni kali. Salamu zangu kwa Corinne.

Niliisoma barua yako tarehe 22 Novemba na sijaisoma tena, haikuhitaji kusomwa mara mbili.

Kuhusu mchanga nilijua. Mwaka sabini na moja gazeti la Salt Lake liliandika juu ya miji mingine iliyotumia mchanga kama wetu, na nilikaa na gazeti lile mapajani mpaka Rulon akarudi na kukuta jiko limezimika. Nilijua ni mchanga, na nilijua ni wewe uliyeuleta, na sikukuchukia hata siku moja. Nakuambia ukweli. Kwa sababu nilikuwa na maneno mawili: hakuna aliyejua. Kampuni haikutuambia, serikali haikutuambia, wewe ulileta mchanga kama mtu anavyoleta pipi. Hakuna aliyejua. Nimelala juu ya maneno hayo miaka kumi na minne. Hata lile sanduku la kugusa nililiweka mwaka uliofuata, nikijidanganya kwamba dakika chache za mkono mchangani si kitu. Katika mtaa huu peke yake wamezikwa watoto wengine wanne, na kila mara mimi ndiye niliyepeleka viazi vya msibani, nikaketi na mama mtu jikoni, nikamshika mkono na kumwambia: usijilaumu, mpenzi, hakuna aliyejua. Bi. LaRue Prows ameyashona maneno hayo kwenye kitambaa na kuyatundika ukutani kwake. Sasa mimi nitapitaje mbele ya nyumba hiyo?

Na ile Jumamosi naikumbuka. Nilikuona kutoka dirishani, na koleo mkononi. Nilidhani umekuja kunilimia kitalu cha nyanya. Nilikuita ndani, ukala vipande viwili vya pai ya tufaha, ukasifia. Dell alikuwa nje anacheza wakati unakula.

Sijui la kukuambia baada ya hapo, kwa hiyo nitakupa habari za mji. Makumbusho yalifungwa tarehe mosi. Wamepigilia mbao milangoni na kuweka alama ya njano, na vitu vyangu vyote viko ndani. Kimber amejaribu kuokoa nyayo za dinosaria zitangazwe peke yake, lakini kampuni za mabasi zimeshafuta safari. Nyumba sitini na moja zitabomolewa na kuzikwa kwenye shimo kule nyuma ya kinu cha zamani. Yangu ni ya kumi na tisa kwenye orodha. Kutakuwa na kikao cha hadhara tarehe 20 Machi, ukumbi wa shule, watu watoe ushahidi ili serikali iandike mchanga ulisambaaje na nani alijua nini.

Nilikwenda kwa Bi. Begaye nikafuta jina la Rulon kwa mkono wangu mwenyewe. Mahali pale nimepaacha wazi. Lako sikuliandika.

Arvilla


Reedsport
8 Februari 1986

Dada,

Nitakuja tarehe 20 Machi. Nimemwambia Corinne kila kitu, amekaa siku mbili bila kusema nami, lakini atanipeleka hadi uwanja wa ndege. Sitafikia kwako. Nimechukua chumba kwenye moteli ya njia kuu.

Sina ninaloomba.

Thayne


Tansy Wells
5 Aprili 1986

Thayne,

Natumai ulifika salama na kwamba Corinne ameanza kuongea. Marlys mzima, mtoto ameota meno mawili.

Nakuandikia yale ambayo hukuyaona, maana ulikuwa umetazama mbele. Nilikuwepo ukumbini. Niliketi safu ya mwisho karibu na mlango, pale tulipokuwa tukikaa kwenye michezo ya Krismasi ya shule. Sikukutambua ulipoingia. Nilikuwa namtafuta mtu wa miaka thelathini na mitatu.

Ulisema vizuri. Hukujitetea. Ulipotaja benki ya Dell nilitoka nje kidogo, nikarudi. Kimber aliposimama na kusema kwamba mtu aliyeukimbia mji miaka ishirini na minne asije kuuchafua mbele ya wageni wa serikali, na wengine wakapiga makofi, nilitaka kusimama. Sikusimama. Kisha akasimama LaRue, na mimi nikafikiri anakwenda kukupiga. Umemsikia mwenyewe, lakini wewe hukuuona uso wake, uliinamisha kichwa. Alikuuliza, "Huyo mkemia alikuambia lini?" Ukasema Septemba hamsini na nane. Akahesabu kwa vidole kama mtoto. Akasema, "Wangu alizaliwa hamsini na tisa," akarudi kukaa. Yule bwana wa serikali akakushukuru, akakuomba utaje jina lako herufi kwa herufi, akamwita anayefuata.

Ni hivyo tu. Sijui nilitarajia nini, labda paa lianguke. Kimber anasema ushahidi wako utafungwa kwenye faili na faili litawekwa kwenye sanduku. Nadhani kwa mara ya kwanza maishani yuko sahihi. Siku ya pili LaRue alitoa kile kitambaa ukutani. Aliniletea nyumbani, amekikunja vizuri, akanikabidhi mlangoni bila kuingia. Hajanisalimu tena, na simlaumu.

Nilikufuata hadi nje, kwenye maegesho. Ulikuwa umekaa ndani ya gari la kukodi, paji la uso juu ya usukani. Nilisimama nyuma ya basi la shule, labda hatua kumi na tano kutoka kwako. Nilikaa pale muda mrefu. Nilijiambia, nikifika kwake nitamshika kichwa kama nilivyokuwa nikimshika alipokuwa mdogo, au nitampiga ngumi, na sikujua ni lipi, na kwa sababu sikujua sikuenda. Uliwasha gari ukaondoka. Nikatembea kwa miguu hadi nyumbani.

Uwanja wa nyuma waliuchimba tarehe 28. Walivaa nguo nyeupe za plastiki na vinyago, hata miti waliikata. Walipofika kama futi mbili chini, koleo liligonga kitu. Ni kile kigari cha bati chekundu tulichokitafuta kiangazi kizima cha mwaka sitini, na nikamchapa Dell kwa kukipoteza. Kilikuwa kizima, magurudumu yote manne. Niliomba wanipe. Bi. Begaye aliweka mashine juu yake, akanionyesha mshale. Nikamwambia nina miaka sitini na moja, kitanifanya nini. Machozi yalimtoka ndani ya kinyago, hakuweza kuyafuta. Akasema, "Mama, sina ruhusa." Aliniacha nikitazame kutoka mbali kadiri nilivyotaka, kisha wakakitia kwenye pipa pamoja na mchanga, wakafunga, wakaandika namba.

Nyumba itabomolewa tarehe kumi. Nimeshapakia. Nguo, sufuria na picha zimepimwa na kuruhusiwa, vitanda hapana. Dell na Rulon wanabaki makaburini, kule hakukupatikana kitu. Miji mingine ikifa hubaki mahame, wageni wakaja kupiga picha. Sisi tutakuwa uwanja wa mawe uliozungushiwa uzio na kibao cha kukataza watu kusimama.

Thayne, siwezi kukusamehe. Nimejaribu, na kila ninapokaribia naona sahani yako ya pai. Na siwezi kukutupa, maana hakuna mwingine aliye hai anayekumbuka sauti yake alivyokuwa akisema "Mjomba." Kwa hiyo usiniandikie mpaka nikuandikie mimi. Inaweza kuwa muda mrefu. Inaweza isiwe kabisa, na kama ni hivyo ujue si kwa sababu nimekusahau.

Kuanzia tarehe tisa nitakuwa kwa Marlys, 418 Birch Lane, Logan. Nimeiandika hapa ili usije ukaisikia kwa watu.

Arvilla